Maswali ya Wasomaji: Gia Zinapogoma, Giaboksi Ishushwe Mwisho

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kirikuu, Suzuki Carry, ninayoitumia kubeba ndizi kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Tangu masika gia ya kwanza imekuwa ngumu kuingia, na rivasi inakwaruza kwa sauti inayowafanya watu wote sokoni wageuke. Injini ikizimwa, gia zote zinaingia bila taabu. Gereji niliyoipeleka wamesema giaboksi imekufa, ninunue nyingine iliyotumika. Je, nikubali?
*Mfanyabiashara wa ndizi, Kibosho*

JIBU: Marahaba. Usikubali bado. Jibu la swali lako umeliandika mwenyewe katikati ya barua, pale uliposema kwamba injini ikizimwa gia zote zinaingia bila taabu, nami nasikitika kwamba waliolipokea gari lako hawakulipa jambo hilo uzito.

Unapokanyaga pedali, pleti ya klachi inatakiwa kuachiliwa kabisa kati ya flaiwili, yaani gurudumu zito linalozungushwa na injini, na presha pleti, yaani sahani yenye springi inayoibana pleti, ili shafti inayoingia kwenye giaboksi isizungushwe tena na injini. Pleti isipoachiliwa yote, shafti hiyo inaendelea kuzunguka polepole, na wewe unalazimisha meno yanayozunguka yashikane na meno yaliyosimama. Rivasi huwa ya kwanza kulalamika kwa sababu katika magari mengi haina sinkromeshi, yaani pete ile inayosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Ukizima injini, kila kitu kinasimama na gia zinaingia. Kwa hiyo anayepaswa kushukiwa kwanza ni klachi.

Lithibitishe hilo mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi. Washa injini, weka gia frii, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu polepole hadi 5, kisha ingiza rivasi. Ikiingia kimya baada ya kusubiri, klachi inaachia, na kosa lilikuwa haraka ya mkono. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, shafti bado inazungushwa. Kipo pia kipimo cha pili, kinachohitaji uwanja tambarare usio na mtu wala kitu mbele: ingiza gia ya kwanza, shikilia klachi chini kabisa, kisha achia breki taratibu. Gari likianza kujivuta lenyewe huku mguu ukiwa umekandamiza klachi, huna haja ya ushahidi mwingine.

Klachi ya gari lako inavutwa kwa waya, na huo ndio wa kuanza nao. Mwombe mtu akanyage pedali huku fundi akiwa chini anautazama mkono wa klachi ulio ubavuni mwa giaboksi. Kama pedali inafika mwisho lakini mkono ule unasogea kidogo tu, nguvu inapotelea njiani. Chukua tochi utazame juu, pale waya unapojishikiza kwenye pedali. Nyuzi zake hukatika moja moja mahali hapo, na ncha zilizokatika huchomoza pembeni ambapo dereva hawezi kuziona akiwa amekaa. Waya wa namna hiyo usiutie oili ukasema umepona, badilisha. Tope la masika nalo huingia kwenye ala ya waya na kuufanya uwe mzito, jambo linaloendana na wakati tatizo lako lilipoanza.

Kama waya ni mzima, urekebishwe kwa nati iliyo upande wa giaboksi. Pedali iwe na nafasi kidogo ya kucheza kabla ya kuanza kuvuta. Kwa klachi nyingi za waya ni kati ya sentimita 1 na 3, lakini kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi asikaze kupita kiasi kwa kudhani anakusaidia. Nafasi ikiisha kabisa, beringi ya klachi, ile inayosukuma springi za presha pleti unapokanyaga pedali, itakuwa inasukumwa muda wote, na klachi itaanza kuteleza kwenye mlima wa Kibosho ukiwa na mzigo.

Ikiwa yote hayo yamefanyika na rivasi bado inakwaruza, tatizo liko ndani: pleti iliyopinda, pleti iliyoshika kutu kwenye meno ya shafti, au springi za presha pleti zilizochoka. Hapo giaboksi itashushwa kweli, lakini itashushwa ili klachi itengenezwe, kisha itarudishwa ile ile. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama ni kazi ya kushusha na kupandisha, badilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Waambie pia mafundi wasipulize vumbi la klachi kwa upepo wa kompresa. Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, inayoharibu mapafu, na kwa kutazama tu huwezi kujua iliyo mbele yako ni ya aina gani. Kitambaa kilicholoweshwa maji kinatosha.

SWALI: Ninaendesha Land Cruiser ya watalii. Nikipanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu na abiria, injini inapandisha mzunguko lakini gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Asubuhi gari likiwa la baridi sioni tatizo, na gia zinaingia laini kabisa. Bosi anasema niendelee hivyo hivyo hadi msimu wa wageni uishe.
*Dereva, Sakina, Arusha*

JIBU: Ndugu dereva, wako ni ugonjwa wa kinyume: klachi inaachia vizuri lakini haishiki. Kwa heshima zote kwa bosi wako, ushauri huo utamgharimu. Kila safari ya kuupanda ukuta ule wa Bonde la Ufa na klachi inayoteleza inachoma flaiwili na presha pleti, na kilichokuwa tatizo la pleti moja, au hata la nati moja, kinakuwa tatizo la seti nzima, pengine na gari kusimama njiani likiwa na wageni ndani.

Nimesema nati kwa makusudi, kwa sababu maneno yako kwamba asubuhi hakuna tatizo yamenifanya nitazame mahali ambapo wengi hawatazami. Klachi ya gari hilo inaendeshwa kwa mafuta, na kuna fito fupi inayounganisha pedali na silinda ya juu, ile ambayo mafundi huiita klachi masta. Fito hiyo ikikazwa hadi pedali ikose nafasi ya kucheza, pistoni hairudi mwisho, na kitundu kinachoyarudisha mafuta kwenye kikopo chake kinabaki kimezibwa. Injini ikipata joto mafuta yanatanuka, yanakosa pa kwenda, na yanaisukuma klachi kana kwamba umeikanyaga kidogo. Yakipoa usiku, asubuhi gari ni zima. Bonyeza pedali kwa vidole: katika magari mengi ya Toyota nafasi hiyo inatakiwa kuwa kati ya milimita 5 na 15. Kama haipo, kurekebisha kwake ni kazi ya spana.

Nafasi ikiwa sahihi, basi pleti imelika au imelowa oili. Kwa magari mengi ya Toyota, vichwa vya ribiti, yaani misumari inayoshikilia bitana ya pleti, vikibaki chini ya uso wa pleti kwa milimita 0.3 au pungufu, pleti hiyo imekwisha. Ikiwa imelowa, fundi asifunge mpya kabla ya kujua oili imetoka wapi. Nyeusi inatoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Ile yenye harufu kali ya kiberiti inatoka kwenye sili ya mbele ya giaboksi. Pleti mpya juu ya sili inayovuja ni hela iliyotupwa.

Nawe usipumzishe mguu juu ya pedali unapoendesha, na usilishikilie gari mlimani kwa nusu klachi huku ukisubiri foleni isogee. Breki ya mkono ipo kwa kazi hiyo. Ukinasa kwenye tope porini, tumia gia nzito za 4L, yaani zile za mwendo mdogo zenye nguvu ambapo magurudumu yote manne yanavuta. Gari litaondoka kwa nguvu ya gia, bila kuiteketeza pleti.

SWALI: Hiace yangu, pedali ya klachi inazama. Nikipampu mara mbili tatu, gia zinaingia. Jirani amenishauri niongeze oili ya injini kwenye kikopo cha klachi kwa kuwa mafuta yamepungua. Je, ni sawa?
*Msomaji, Machame*

JIBU: Tafadhali usifanye hivyo. Oili ya injini huvimbisha raba za silinda zote mbili za klachi, ya juu kwenye pedali na ya chini karibu na giaboksi, na kuziharibu. Kinachotakiwa ni mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, kama yalivyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Kama umeshaitia, raba zote zibadilishwe na mabomba yasafishwe. Na kama kikopo hicho kinahudumia breki pia, gari lisitoke nyumbani hata kwa safari ya kwenda dukani.

Pedali inayopata nguvu kwa kupampu inaonyesha kwamba kuna upepo ndani au kuna mahali panavuja. Inua zulia chini ya pedali uone kama pamelowa, kisha ufunue raba ya vumbi kwenye silinda ya chini, karibu na giaboksi. Pote pakiwa pakavu na pedali bado inazama, mafuta yanapenya ndani kwa ndani kwenye silinda ya juu. Seti ya raba ni ya bei nafuu, lakini ukuta wa silinda ukiwa na michubuko ya kutu haitadumu, na mimi ningenunua silinda nzima. Baada ya kazi, upepo utolewe kwa utaratibu: msaidizi akanyage na kushikilia, fundi afungue nipeli, aifunge, ndipo pedali iachiwe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2 hivi.

SWALI: Katika baridi hii ya Julai, gia ya pili inagoma asubuhi kwa kilomita ya kwanza, kisha inalainika. Je, ni klachi?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Ingekuwa klachi, rivasi na gia ya kwanza zingekusumbua pia. Oili ya giaboksi ikipoa inakuwa nzito, na sinkromeshi ya gia ya pili, ambayo hufanya kazi kubwa, ndiyo huonyesha haraka. Gari likiwa tambarare, fungua nati ya kujazia iliyo ubavuni: oili inatakiwa kufika ukingo wa chini wa tundu. Kisha uulize iliyomo ni ya aina gani. Kama kitabu kinataka 75W-90 ya daraja la GL-4, usikubali GL-5 kwa kuelezwa kwamba namba kubwa ndiyo bora; baadhi ya oili za GL-5 hushambulia shaba ya pete za sinkromeshi, na utelezi wake huzizuia pete hizo kushika. Hadi uibadilishe, usilazimishe gia kwa nguvu. Ipe sekunde moja kwenye frii, kisha uiingize. Ikiwa baada ya oili sahihi gia ya pili bado inakwaruza hata injini ikishapata moto, sinkromeshi yake imelika, na hapo giaboksi itabidi ifunguliwe.