Barua kwa mwanangu: Je, Pashinyan ni msaliti?

Mwanangu Idrisa,

Salamu kutoka Tanga. Sote huku ni wazima, na wadogo zako wanakusalimu.

Unasema Waarmenia unaofanya nao kazi hapo Glendale, Marekani, wanamwita Nikol Pashinyan, Waziri Mkuu wa Armenia, msaliti aliyeiuza Karabakh. Ukaniuliza: kama ni hivyo, mbona wananchi walimchagua tena mwaka 2021, miezi michache tu baada ya kushindwa vita? Nimefundisha Historia miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali.

Nagorno-Karabakh, au Karabakh kwa kifupi, ni eneo la milima. Wakazi wake wengi walikuwa Waarmenia, lakini mwaka 1923 watawala wa Kisovieti waliifanya mkoa wenye mamlaka yake ya ndani, chini ya Azerbaijan. Dola ya Kisovieti ilipoanza kuvunjika, Waarmenia wa huko wakataka kujitenga, na vita ikapiganwa mpaka Mei 1994. Waarmenia wakashinda. Hawakuishia Karabakh, walishika pia wilaya za Azerbaijan zilizoizunguka, na mamia ya maelfu ya Waazeri wakafukuzwa makwao. Wenzako huenda wasikutajie hilo, lakini wewe usilisahau, kwa sababu yaliyofuata yalitokana nalo.

Pamoja na ushindi wote ule, hakuna mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa aliyewahi kuitambua Karabakh kuwa dola, hata Armenia yenyewe. Sisi Waafrika tunaijua vizuri sababu yake. Cairo, Julai 1964, viongozi wetu waliafiki hoja iliyoletwa na Tanzania kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Jamhuri za Kisovieti nazo zilikubaliana hivyo hivyo Alma-Ata, Desemba 1991. Mipaka ya namna hiyo ina dhuluma ndani yake. Wadigo wetu wako huku, ndugu zao wako Kwale, na hakuna aliyewauliza. Lakini anayeivunja kwa bunduki ajue kwamba siku bunduki ya jirani ikiwa kubwa kuliko yake, hatapata wa kumtetea.

Rais wa kwanza wa Armenia, Levon Ter-Petrosyan, aliliona hili mapema. Mwaka 1997 aliandika makala akiwasihi watu wake wapatane na Azerbaijan wakiwa bado na nguvu, maana dunia haitaikubali hali ile milele, na Armenia haiwezi kustawi ikiwa Uturuki na Azerbaijan zimeifungia mipaka. Hawakumsikiliza. Februari 1998 alilazimika kujiuzulu. Kwangu mimi, Karabakh ilianza kupotea mwaka ule. Baada yake walitawala Robert Kocharyan na Serzh Sargsyan, wote wazaliwa wa Karabakh, kwa miaka 20 hivi, na muda wote huo Azerbaijan ilikuwa ikinunua silaha kwa fedha za mafuta.

Pashinyan, mwanahabari aliyeingia madarakani mwaka 2018 kwa maandamano ya amani, naye hana mikono safi. Agosti 2019 alisimama Stepanakert, mji mkuu wa Karabakh, akatangaza kwamba Karabakh ni Armenia, basi. Kiongozi anayejua udhaifu wa jeshi lake hasemi hivyo. Septemba 2020 vita na Azerbaijan ikaanza. Siku 44, na karibu Waarmenia 4,000 waliuawa, wengi wao vijana wa miaka 18 na 19 waliokuwa jeshini kwa mujibu wa sheria. Nikifikiria mama zao nashindwa kuendelea kuandika.

Basi mbona walimpa kura? Kwa sababu mpinzani wake mkuu alikuwa Kocharyan yule yule. Watu walikumbuka Machi 1, 2008, alipokuwa rais, waandamanaji walipotawanywa kwa nguvu katika mji mkuu, Yerevan, na watu kumi wakafa. Walipima, wakamwona Pashinyan ndiye mwenye nafuu: asilimia 54 hivi kwa 21. Haikuwa kura ya mapenzi.

Na kumbuka kwamba Waarmenia wengi waliotawanyika duniani ni wajukuu wa walionusurika mauaji ya kimbari ya mwaka 1915 katika dola ya Osmani. Kila kipande cha ardhi kinachopotea kinawarudisha pale. Naliheshimu hilo kabisa. Lakini anayeishi Syunik, mkoa wa kusini mwa Armenia mpakani na Azerbaijan, mizinga ya Azerbaijan ikiwa juu ya kilima mbele ya nyumba yake, hana budi kuwaza namna ya kulala na kuamka salama na jirani huyo.

Hapa usinielewe vibaya. Kilichotendeka Septemba 2023 sikihalalishi. Azerbaijan iliwafungia Waarmenia wa Karabakh barabara ya Lachin, njia yao ya kwenda Armenia, kwa miezi tisa, chakula na dawa zikaadimika, kisha ikawashambulia kwa siku moja, na zaidi ya 100,000 wakakimbia ndani ya wiki moja tu. Walinzi wa amani wa Urusi walikuwepo, wakatazama. Mipaka halali haimpi mtu ruhusa ya kuwatia watu njaa.

Agosti 2025 Pashinyan na Ilham Aliyev, Rais wa Azerbaijan, walikutana Washington, na mawaziri wao wakauwekea mkataba wa amani saini za awali. Naiunga mkono amani ile. Lakini viongozi wa Karabakh waliokamatwa 2023 walipelekwa Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, wakafunguliwa mashtaka, na nyumbani Pashinyan amegombana na Kanisa lake hadi maaskofu wakatiwa ndani. Hayo yananitia wasiwasi kuliko neno usaliti.

Ukirudi kazini, usibishane nao. Waulize kama wana ndugu waliotoka Stepanakert, wako wapi sasa, na kama wamepata nyumba na kazi. Kisha uniandikie walichokujibu.

Mama yako