Antivirusi imeondoa faili la Windows

SWALI: Nina steshenari hapa Masasi. Jana antivirusi ilijisasisha, ikadai faili user32.dll lina kirusi, nikabonyeza kuondoa. Sasa kompyuta (Windows 10) inafika kwenye nembo, inajizima, inawaka tena. Fundi anataka kupiga Windows upya, na humo mna barua za wateja na hesabu za korosho. Nifanyeje?

JIBU: Fundi asiformati kwanza. Kazi zako zipo. Lililoondoka ni faili linalochora madirisha na kupokea kibodi na kipanya, ndiyo maana Windows haiwaki. Antivirusi hukamata virusi kwa saini, yaani alama za kutambulisha kila kirusi, na saini ikiandikwa kwa pupa hukamata hata faili halali. Novemba 2008 antivirusi ya AVG ililishika user32.dll hilohilo la Windows XP, na tarehe 21 Aprili 2010 antivirusi ya McAfee ikalishika svchost.exe, faili la Windows linaloendesha huduma zake, kompyuta zikawa zinajizima na kuwaka bila mtandao.

Tafuta flashi ya GB 8 yenye Windows 10, washia kompyuta kwa hiyo, kisha bonyeza Shift na F10. Kwenye dirisha jeusi andika notepad. Ukienda File, halafu Open, na kuchagua All Files, utaona mafolda yako yote: nakili kazi za wateja kwenye flashi nyingine kabla ya lolote. Hapohapo angalia Windows iko herufi gani, maana ukiwashia flashi, C inaweza kugeuka D, na wengi hukwama hapa. Ikiwa ni D, rudi kwenye dirisha jeusi, andika:

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Amri hii huchukua nakala safi kutoka folda ya WinSxS na kuirudisha mahali pake. Isikatishwe, hata ikionekana imeganda.

Usiwashe kawaida bado, kwani saini mbovu ingali ndani na faili litaondolewa tena. Ingia kwa Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), fungua msconfig, programu ya Windows ya kuchagua kinachowaka nayo, zima huduma za antivirusi. Kisha washa kawaida, ing'oe na uweke toleo jipya kutoka kwa watengenezaji.

Usikae bila antivirusi, tafadhali. Steshenari hupokea flashi za kila mtu, na virusi vya kweli navyo hujiita majina ya Windows. Tazama mahali: svchost.exe lililo kwenye System32 ni la kulifikiria mara mbili, lililo kwenye flashi ya mteja liondoe. Na kwenye mipangilio, chagua faili linaloshukiwa liwekwe karantini, yaani lifungiwe kando, lisifutwe, ili siku nyingine ulirudishe kwa kubonyeza mara moja.