Wanataka kumwangusha farasi kwenye muvi

SWALI: Shikamoo Daktari, niko Usa River hapa Arusha nalisha farasi wa watu. Kuna jamaa wanataka kushuti muvi, farasi aanguke akiwa anakimbia, wanasema watamtega kamba miguuni eti Hollywood ndo wanavyofanya. Kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Zamani walifanya hivyo, wanafunga waya miguu ya mbele, akivunjika wanampiga risasi, mpaka 1939 kwenye muvi ya Jesse James farasi akarushwa toka juu ya jabali akafa, watu wakachachamaa, ndo mwaka 1940 American Humane, shirika la Marekani la kutetea wanyama, wakaanza kusimamia wanyama kwenye seti. Siku hizi farasi wa kuanguka anafundishwa taratibu, anajilaza mwenyewe kwenye udongo uliolainishwa. Na bado wanakufa jamani! Tamthilia ya Luck ya HBO, televisheni ya Marekani, ilisimamishwa 2012 baada ya farasi watatu kufa.

Kwahiyo kamba kataa kabisa, hata waongeze hela. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, waambie hivyo hivyo. Kama ni kukimbia tu sawa, ila daktari wa mifugo awepo palepale, maji yawepo, na wasirudie rudie sini juani, akichoka ndo anajikwaa.