Maswali ya Wasomaji: Shimo la Maji Linanishinda

SWALI: Ndugu Mhariri, katika uwanja ninaochezea gofu kuna shimo fupi linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 3, yadi 140 tu, lakini mbele ya grini (eneo la nyasi fupi lenye tundu na bendera) limekaa bwawa. Kwingineko nacheza vizuri. Hapo mpira wa kwanza huzama, na mara nyingi wa pili huufuata. Wenzangu hunihimiza nijiamini na kuielekea bendera. Je, ninachokosa ni ujasiri? Na mpira ukivuka maji, ukagonga ukingo wa ng'ambo na kurudi bwawani, naruhusiwa kudondosha mpira kwa mkono upande wa grini ili niendelee kucheza?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, ujasiri unao wa kutosha, kinachokuponza ni shabaha na uchaguzi wa fimbo. Litazame shimo la 12 la Augusta National, jimboni Georgia, Marekani, ambako mashindano ya Masters huchezwa. Lina yadi 155 tu, lakini grini yake ni nyembamba na imelala mshazari, upande wa kulia ukiwa mbali zaidi kuliko wa kushoto, na ukingo unaoteremkia kijito cha Rae's Creek umefyekwa nyasi kiasi kwamba mpira uliopungua umbali kidogo haupati pa kushikilia. Mchezaji wa mkono wa kulia anapoukosea mkwaju, mpira aghalabu hupungua na kwenda kulia, na huko ndiko unakotakiwa kufika mbali zaidi.

Siku ya mwisho ya Masters ya 2019 bendera ilikuwa upande huohuo wa kulia. Francesco Molinari, aliyekuwa akiongoza kwa mikwaju 2, alipungukiwa, mpira ukazama, naye akamaliza shimo kwa mikwaju 5. Tiger Woods, waliyekuwa naye kundi moja, hakujishughulisha na bendera: aliupeleka mpira kushoto, ukapita juu ya mchanga hadi sehemu pana ya grini, akamaliza kwa 3, na mwishowe akavishwa koti la kijani la mshindi. Ikiwa bingwa huyo aliiacha bendera, sioni kwa nini wewe ushikiliwe nayo. Chagua sehemu pana zaidi ya nchi kavu, kisha chukua fimbo inayoyavuka maji hata usipoupiga mpira barabara. Wengi wetu huchagua fimbo kwa kukumbuka mkwaju wetu bora wa mwaka, ambao hauji tunapouhitaji.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, hasara kubwa huletwa na mpira wa pili. Mwaka 2016 Jordan Spieth, aliyekuwa akiongoza Masters, aliuzamisha mpira wa kwanza papo hapo kwenye shimo la 12. Alipodondosha mwingine yapata yadi 80 kutoka kwenye tundu, fimbo ilichimba ardhi kabla ya kuugusa mpira, nao ukazama; alimaliza kwa 7, na ushindi ukaenda kwa Danny Willett. Kwa hiyo, ukishazamisha, usiharakishe. Rudi nyuma hadi umbali unaouzoea, kwa kuwa mkwaju wa nusu nguvu juu ya maji ni mgumu kuliko mkwaju kamili.

Kuhusu swali lako la kanuni, jibu liko kwenye rangi ya vigingi vinavyoonyesha mpaka wa eneo la maji. Vikiwa vya manjano, hutadondosha upande wa grini hata kama mpira uliwahi kuugonga ukingo huo: kwa mkwaju mmoja wa adhabu, utarudia pale ulipopigia, au utarudi nyuma ya maji kwenye mstari unaotoka kwenye tundu na kupita pale mpira ulipovuka mpaka wa eneo hilo kwa mara ya mwisho. Vikiwa vyekundu, unaongezewa nafasi nyingine kwa adhabu ileile, yaani kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovuka mwisho, mradi usilikaribie tundu zaidi. Na ikiwa mpira ulitua nje ya mpaka upande wa grini kabla ya kurudi majini, pahali hapo patakuwa upande wa grini. Mpira udondoshwe kutoka usawa wa goti. Na ukiukuta umekwama kwenye matope ya ukingoni, unaweza kuupiga hapo hapo bila adhabu yoyote. Tangu kanuni zibadilishwe mwaka 2019, fimbo yako inaruhusiwa hata kugusa ardhi kabla ya mkwaju.