Pikapu haivuti: usikimbilie kufungua pampu

Kaka, umesema Hilux yako ya zamani ya dizeli, injini ya aina ya 3L, inavuta vizuri tambarare ya Moshi lakini kupanda Marangu inabaki gia ya pili, na fundi anataka kushusha pampu ya dizeli. Mwambie asubiri kwanza.

Angalia moshi. Ukikanyaga mafuta ikitoa moshi mweusi, hewa haitoshi au nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini zinamwaga vibaya. Fungua eya klina, yaani chujio la hewa. Kwa vumbi letu la kiangazi huziba mapema sana, nimeshakuta iliyojaa udongo kama tofali. Isipotoa moshi kabisa na bado haina nguvu, basi dizeli haifiki. Badilisha filta ya dizeli, mwaga maji yaliyotuama chini yake, kagua mipira inayotoka kwenye tanki kama inavuta hewa. Mtu akanyage mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, wewe utazame kama mkono wa pampu unafika mwisho wake. Waya wa pedali ya mafuta uliolegea huiba nguvu nyingi, na kuukaza hakuna gharama.

Injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, hiyo ni klachi inateleza. Gusa rimu pia baada ya safari, kwa uangalifu: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inashika.

Na kumbuka 3L haina tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi, kwa hiyo huko juu hewa ikiwa nyepesi itapungua nguvu kidogo hata ikiwa nzima. Ila kubaki gia ya pili bila mzigo, hapana, hapo kuna ubovu.