Jibu: Riwaya za wapenzi wanaorudiana zinafaa kusomwa?

Dada, umeuliza kama riwaya nyepesi za wapenzi wanaorudiana zina maana au ni kupoteza muda. Zina utamu wake bwana, hasa kwa baridi hii ya Juni hapa Mbeya, umejifunika blanketi na kikombe cha chai ya tangawizi. Wahusika wanajuana tayari, kwa hiyo mabishano yao yana moto tangu ukurasa wa kwanza. Kinachoniudhi ni kosa lililowatenganisha kufutwa kwa busu moja tu! Jaribu Persuasion ya Jane Austen, iliyotoka 1817. Wentworth, aliyekuwa mchumba wa mhusika mkuu Anne, anarudi baada ya miaka minane akiwa bado na kinyongo, na kinayeyuka polepole, mpaka anamwandikia Anne barua wakiwa chumba kimoja. Kiingereza chake kigumu kidogo, ila vumilia.