Mwalimu mkuu kasema nimtafutie mwanangu "shule yake"

Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu, niko Kigoma mjini, nauza dagaa pale Kibirizi. Mwanangu wa pili ana miaka 8, yuko darasa la pili, ana mtindio wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia vimekaza, anatembea kwa kuyumba, maneno yanamtoka taratibu sana na mate yanamchuruzika. Lakini akili anazo shangazi, chenji ya wateja anaijua kuliko dada yake. Shuleni kawekwa dawati la mwisho, mwl hamuulizi swali, wenzake wanamwita zezeta na mwl anasikia kabisa. Mwezi uliopita kajikojolea mara mbili, wakanipigia niache biashara nikamchukue. Ile mara ya pili nilienda na hasira, nikagombana na mwl mbele ya darasa, nikatoa maneno ambayo sio mazuri. Kesho yake mwl mkuu akaniita, akasema hii sio shule yake, nimtafutie shule maalum na nisimlete tena mpaka nipate. Baba yake anasema tumwache tu nyumbani, kwani atakuja kuwa nani. Nifanyeje?
Mama wa Kibirizi

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya maneno mengine yote, Jumatatu mtoto aende shule. Mvalishe sare, mpe begi lake, mpeleke. Nasema hivi kwa sababu mtoto akishakaa nyumbani wiki mbili tatu watu wanazoea kwamba hayupo, jina linabaki kwenye daftari la mahudhurio halina tiki hata moja, alafu mwisho wa muhula anaandikwa mtoro, wakati hajatoroka popote, kazuiwa.

Mwl mkuu akirudia yale maneno, usipandishe sauti. Mwambie "Mwalimu naomba uniandikie barua, useme mtoto amezuiwa kwa sababu gani, upige na muhuri." Basi. Sidhani kama hiyo barua itaandikwa, maana anayeiandika itabidi aitetee. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida kama wenzake, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ajili ya ulemavu wake. Huhitaji kwenda kumsomea mwalimu vifungu, we jua tu kwamba unapoingia pale getini hujaenda kuomba msaada, mtoto ana haki yake.

Shule maalum sizisemi vibaya. Hapa kwetu Tabora kuna shule ya viziwi, ilianza 1963, ndo ya kwanza ya viziwi nchini. Mtoto kiziwi akipandishwa treni huko Kigoma akaletwa huku kuna maana kubwa, anakuja kupata lugha, anakuja kukaa na wenzake wanaoongea kwa mikono kama yeye. Wa kwako lugha anayo, anakuhesabia chenji, kinachomchelewesha ni mdomo. Kama kuna shule ya jirani yenye kitengo cha elimu maalum, muulize afisa elimu maalum wa manispaa, ukaitembelee, uone. Ila hilo uliamue wewe mtoto akishapimwa vizuri, lisiwe adhabu ya kugombana na mwalimu.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo sijawahi kuliandika humu. Mimi nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi kabla sijaanza kazi hii ya kujibu barua. Kuna mwaka nilikuwa na watoto 112 kwenye chumba kimoja, dawati moja wanne, waliobaki chini, na mmoja wao alikuwa na hali kama ya mwanao. Nilimkalisha nyuma karibu na mlango. Nilijiambia ni ili atoke kirahisi akitaka chooni, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopa. Naogopa akianguka, naogopa yale mate, naogopa nimuulize swali ashindwe darasa zima licheke alafu na mimi nisijue pa kuanzia, maana chuoni hilo sikufundishwa. Kwa hiyo nikawa simuulizi. Sikuwa na chuki naye hata kidogo, lakini mtoto alikaa pale mlangoni miezi mitano.

Mama yake alikuwa muuza karanga. Siku moja akaja kabla ya kengele, akanisalimia vizuri, akakaa kwenye dawati na mwanae, akasema "Mwalimu nakuomba kitu kimoja tu, muulize swali alafu uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi, usiseme neno." Nikamuuliza saba ongeza nne. Nikaanza kuhesabu. Tatu, nne, shingo inamkaza, mkono unajikunja mpaka kifuani, mdomo unafunguka hautoi kitu. Tano, sita, nikataka kumsaidia, mama akaninyooshea kidole ninyamaze. Nilipofika nane mtoto akasema "kumi na moja", limekwaruza lakini limeeleweka. Yaani miezi yote ile, zile mara chache nilizowahi kumuuliza, nilikuwa nampa sekunde mbili tatu, nahamia kwa mwingine, naandika hajui. Jibu alikuwa nalo siku zote, lilikuwa njiani linakuja.

Sikwambii haya ili umhurumie mwl wako. Nakwambia kwa sababu sana sana na yeye hajui, na kwenye ule ugomvi umemwambia ubaya wake wote lakini hujamwambia kuhusu mtoto. We ndo unamjua. Unajua akichoka anakuwaje, unajua akibanwa anafanyaje, unajua maneno gani yanamshinda kutamka. Mwl ana watoto kibao hawezi kuyagundua hayo peke yake, na huyo hata kujaribu hajajaribu.

Kwa hiyo kaa leo usiku uandike karatasi moja, nusu ukurasa tu, ikizidi haitasomwa. Kama kuandika ni shida dada yake akuandikie. Andika anaelewa kila kitu anachoambiwa ila kujibu anachelewa, mwalimu ahesabu mpaka kumi. Andika anatumia mkono wa kushoto, daftari linamteleza kwa hiyo libanwe na selotepu juu ya dawati, na penseli imevalishwa kipande cha ndala ili aishike (kata ndala ya zamani, toboa katikati, pitisha penseli, utaona inavyomkaa mkononi). Andika kwamba mate sio ugonjwa na hayamwambukizi mtu, ni misuli ya mdomo haishiki vizuri, ana vitambaa viwili mfukoni, akikumbushwa "futa" anafuta mwenyewe. Uji ajaziwe nusu kikombe. Na akae mbele.

Mambo ya choo nataka tuyaongelee taratibu, maana naona ndo yaliyokufikisha hapo. Umesema kajikojolea. Nakuuliza mdogo wangu, hivyo vyoo vya shuleni kwenu umewahi kuingia? Kama ni vya tundu kama shule zetu nyingi, mtoto mwenye mguu uliokaza anachuchumaaje pale, anashika wapi, sakafu imelowa na wenzake arobaini wako mlangoni wanamsukuma atoke? Mimi nadhani anajibana. Anajibana kuanzia asubuhi mpaka mwili unashindwa, alafu anaitwa mchafu. Ingia mwenyewe ukaangalie, beba na kamba upime. Alafu mwambie fundi seremala akuchongee kigoda kipana chenye tundu katikati, miguu minne iliyotanuka kisicheze, kiwekwe juu ya lile tundu akienda na kitolewe akimaliza. Ukutani kigongelewe kipande cha bomba au mti wa kushikilia. Muombe mwl amruhusu aende dakika kumi kabla ya mapumziko, kabla ya lile fujo, na kaka mmoja wa darasa la sita mwenye utu amsindikize. Nguo ya kubadili ikae kwenye begi kila siku. Ukishaweka hayo, wakikupigia tena wakati uko mwaloni utakuwa na haki ya kuuliza, je alipelekwa saa ngapi?

Kuhusu yale uliyomwambia mwl mbele ya watoto, kamuombe radhi. Usimuombe radhi kwa kumtetea mwanao, hapana, muombe kwa kumvunjia heshima mbele ya darasa lake, na ufanye hivyo mkiwa wawili, maneno machache. Alafu palepale mwambie neno zezeta mwanangu asiitwe tena, na wewe mwalimu ndo wa kulizuia, maana watoto wanaangalia uso wako kwanza kabla hawajarudia. Hilo usilipunguze wala usilicheke. Anaweza akanuna, na anune, lakini atakuwa amesikia.

Tafuta counter book ndogo ya hii shughuli. Kila ukiitwa, kila ukiongea na mtu pale shuleni, andika tarehe, nani, kasema nini. Ukienda hospitali ya mkoa pale Maweni kuulizia mazoezi ya viungo, omba daktari akuandikie hali ya mtoto kwenye karatasi, toa kopi, moja ibaki shuleni. Itakusaidia mbele pia, maana akifika upimaji wa darasa la nne wenye mahitaji maalum wanaongezewa muda, lakini lazima shule imwandikishe kwa hali yake mapema, sio wiki ya mtihani ndo watu wanaanza kushtuka.

Na ikishindikana? Mwl mkuu akang'ang'ana? Unaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, ukitoka hapo afisa elimu kata, ukitoka hapo manispaa kwa afisa elimu maalum, na mlango wa ustawi wa jamii uko wazi pia. Uende na lile daftari lako. Mtu akifika ofisini na tarehe zake anasikilizwa tofauti na aliyefika na kilio, sio haki lakini ndivyo ilivyo, nimeiona kwa macho yangu. Ila anza na shule, kwa sababu huyo mwl ndo atakayekaa na mwanao kila siku, afisa hatakaa naye.

Baba yake sitaki kumsema sana, mi naona naye ana hofu, mwanaume akiogopa mara nyingi anasema "tumwache". Usibishane naye atakuwa nani. Mpe kazi, kile kigoda akakisimamie yeye kwa fundi, na siku ya kukipeleka akibebe yeye. Siku nyingine akija pale mezani kwako, mwache mtoto auze mbele yake, mteja atoe elfu kumi, dagaa wa elfu tatu na mia tano, baba asimame kimya ahesabu mpaka kumi na yeye.

Jumatatu fika mapema kabla ya mstari, mwl akiwa hajachoka. Salamu, radhi, karatasi, alafu muombe amuulize mwanao swali moja palepale ukiwepo. Ukitoka hapo niandikie, nataka kujua alihesabu mpaka ngapi.